Ada Mlangoni: Nani Aingie Darasa la Lugha Machimboni?



Kuna kauli moja nimeisikia mno machimboni, na jioni hii nimekuja kuipinga. Wanasema cha bure hakithaminiwi. Wenye vituo vya kozi za Kiingereza wanaisema, maofisa wanairudia, na baadhi ya wanataaluma wenzangu wameivika joho la nadharia: ati ada huwachuja wenye nia, na asiyelipa akiingizwa darasani atawarudisha nyuma waliolipa. Mjadala wa lugha ya kufundishia shuleni tunaujua sote, siurudii. Ninachouliza ni nani aruhusiwe kuketi.

Tuanze na jinsi pesa inavyopatikana. Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au Rwamgasa hana mshahara wa mwezi. Anaingia kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, kwa makubaliano: gharama za chakula na vifaa zinabebwa na mwingine, yeye anatoa nguvu, na malipo yake ni mgawo wa mifuko ya mawe siku mwamba wenye dhahabu utakapofikiwa. Kabla ya siku hiyo zinapita wiki, pengine miezi, hana kitu mfukoni, na ndipo hapo jioni zake ziko huru. Mwamba ukipatikana, pesa ipo ila muda haupo, kwa sababu kazi inakwenda kwa zamu usiku na mchana na mawe yanasubiri karasha, mashine ya kuyasaga. Kwa mtu huyu ada ya mwanzo wa mwezi haipimi nia hata kidogo. Inapima mwamba uko chini kiasi gani.

Niliwahi kufundisha Kiingereza jioni katika kituo kimoja mjini Kahama. Wasio na risiti walizuiwa mlangoni, wakawa wanasimama nje ya madirisha. Namkumbuka dada mmoja aliyeshinda akiponda mawe, vumbi bado limeganda kwenye nyusi, ameegemeza daftari kwenye nondo za dirisha anaandika kwa kipande cha penseli. Nikiuliza swali ndani, jibu linatoka nje. Haukupita muda mrefu, waliolipa wakaanza kumfuata dirishani wakati wa mapumziko awasahihishie mazoezi. Huyo ndiye aliyedaiwa kuwarudisha nyuma.

Kisa kimoja si ushahidi, kwa hiyo niende kwenye ushahidi, na mtanivumilia nikikaa hapo, kwani ndiyo kumbukumbu ninayoipenda kuliko zote. Kati ya 1968 na 1972, UNESCO na serikali yetu waliendesha mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, makao yake Mwanza, ukihudumia mikoa ya Mwanza, Mara, Ziwa Magharibi na hii yetu ya Shinyanga. Vitabu vyake viliandikwa kufuata kazi ya mtu. Mkulima wa pamba alijifunza herufi kwa maneno ya shamba lake mwenyewe. Kulikuwa na vitabu vya migomba, vya uvuvi na vya ng'ombe. Wakati huohuo Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Na mwaka 1974 likaanzishwa Mwanza gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho, ili aliyetoka darasani asikose cha kusoma. Hakuna aliyedaiwa risiti. Mwaka 1967 takriban asilimia 67 ya watu wazima nchini hawakujua kusoma na kuandika. Mtihani wa taifa wa 1975 uliwakuta wamebaki asilimia 39, na kufikia 1986 ikatajwa asilimia 9.6.

Najua jibu la wapinzani wangu: wengine walijiandikisha kwa msukumo wa viongozi, na msimu wa kulima ukifika madarasa yalipungua watu. Ni kweli, na takwimu za kampeni lazima zisomwe kwa uangalifu. Lakini tazameni pale kisomo kilipovunjikia. Mwalimu wa kujitolea aliahidiwa posho ya shilingi 30 kwa mwezi. Uchumi ulipoyumba miaka ya 1980, posho ikachelewa na kupungua thamani, na walimu wakaacha. Sensa ya 2002 ilikuta karibu watu wazima watatu katika kila kumi hawajui kusoma. Aliyekosa malipo alikuwa mwalimu, halafu lawama tukamtwika mwanafunzi kwa kutolipa!

Hata kwa watoto mambo yalikuwa hivyohivyo. Mwaka 2001 shule za msingi nchini zilikuwa na watoto wapatao milioni 4.8. Ada ikafutwa, na kufikia 2003 walikuwa zaidi ya milioni 6.5. Kama cha bure hakithaminiwi, hao walifuata nini?

Sidai mwenye kituo afunge biashara yake. Naye ana kodi ya pango na walimu wa kulipa. Ila lugha hujifunzwa kwa kuzungumza na watu, na darasa la waliolipa peke yao ni darasa la watu wachache. Kijana anayekijua Kisukuma tu, au aliyevuka kutoka Burundi, anahitaji Kiswahili cha kusomea makubaliano ya mgawo kabla hajaweka dole gumba. Mwenzake anayetafuta ajira kwenye mgodi mkubwa anahitaji Kiingereza. Sioni hoja ya kumfungia nje hata mmoja wao.

Fedha ya mwalimu ipo. Marekebisho ya 2017 ya Sheria ya Madini yanamtaka mwenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Nawaomba madiwani wa Geita, Kahama na Shinyanga mlioko hapa: mtakapokaa kuupitia mpango ujao, wekeni ndani yake posho ya walimu wa madarasa ya jioni, ilipwe kila mwezi, na kila anayefika apewe dawati.