Hewa ya Bunduki na Hewa ya Mpulizaji: Maelezo kwa Wanaotaka Kupaka Rangi Gari Nyumbani



Leo tunazungumzia kifaa ambacho zamani kilikuwa mikononi mwa mafundi wa gereji peke yao, na ambacho sasa mtu yeyote aweza kukinunua dukani: bunduki ya kupulizia rangi ya gari. Wengi huinunua ili wapake rangi mlango uliochubuka au bampa lililokwaruzwa, uani kwao wenyewe, bila kumlipa fundi. Nia hiyo hatuilaumu. Lakini yapo mambo mawili ambayo wauzaji wengi hawayataji: hewa inayoingia katika bunduki, na hewa inayoingia kifuani mwa anayeishika.

Tuanze na kisa kimoja. Mwananchi alifika ofisini kwetu na bunduki mpya ndani ya boksi lake. Alilalamika kwamba ni mbovu: ilipuliza vizuri kwa muda mfupi, kisha ikaanza kutema matone, na boneti ya gari lake ikatoka na vinundu kama ganda la chungwa. Tulisoma naye maandishi ya boksi. Bunduki ile ilihitaji hewa ya futi za ujazo 12 kwa dakika, kipimo kinachoandikwa kwa herufi CFM. Kompresa yake ilitoa 5 tu. Bunduki ilikuwa nzima. Ilikuwa na njaa ya hewa.

Tufanye hesabu pamoja. CFM 12 ni sawa na lita 340 hivi kwa dakika, na CFM 5 ni lita 140 hivi. Pengo ni lita 200 kila dakika, nalo hujazwa na akiba ya tangi. Tangi la lita 50, likishuka kutoka shinikizo la bar 8 hadi bar 3, hutoa lita 250 tu. Kwa hiyo, baada ya dakika moja na robo hivi, akiba imekwisha na boneti bado haijamalizika. Tangi kubwa huchelewesha tatizo hilo, haliliondoi, kwa maana tangi hutunza hewa tu. Kazi ya kuizalisha ni ya kompresa.

Basi ushauri wetu wa kwanza ni huu: anza na kompresa uliyonayo, kisha utafute bunduki inayolingana nayo. Uliza kiasi cha hewa ambacho kompresa inatoa kwa hakika, kwani baadhi ya lebo huandika kiasi inachovuta, ambacho ni kikubwa zaidi. Kisha hakikisha kwamba kiasi hicho kinazidi mahitaji ya bunduki kwa robo moja au zaidi, ili mtambo usifanye kazi bila kupumzika.

Bunduki zenye herufi HVLP hutumia hewa nyingi kwa shinikizo dogo. Shinikizo kwenye kifuniko chake cha mbele halizidi psi 10, yaani bar 0.7 hivi. Faida yake ni kwamba rangi nyingi zaidi hushika bati badala ya kupeperuka. Hasara yake ni hiyo njaa ya hewa tuliyoieleza. Mwenye kompresa ndogo atafaidika zaidi na bunduki ndogo ya kurekebishia, au ile yenye herufi LVLP ambayo hutumia hewa kidogo, naye apake sehemu moja moja: leo mlango, kesho bampa. Gari zima halipakwi kwa kompresa ya kujazia matairi.

Jambo la pili ni tundu la nozeli. Kwa rangi ya juu na klia, tundu la milimita 1.3 au 1.4 hufaa. Praima ni nzito, nayo huhitaji milimita 1.6 hadi 1.8. Ukipuliza praima kwa tundu dogo, itaziba. Ukipuliza klia kwa tundu kubwa, itachuruzika. Ukikusudia kutumia rangi ya maji, chagua bunduki ambayo sindano na nozeli zake ni za chuma kisichoshika kutu.

Kabla ya kulipa, fungua boksi. Tazama kama ncha ya sindano imenyooka, na kama tundu la nozeli ni duara kamili. Uliza kama sindano, nozeli na mipira ya kuzuia uvujaji huuzwa peke yake. Bunduki isiyo na vipuri hutupwa siku sindano inapopinda. Omba ijaribiwe kwa maji kwenye kipande cha boksi: alama iwe ya yai refu lililo sawa pande zote. Ikiwa nzito upande mmoja, usiichukue. Nunua pia chujio la maji na geji ya shinikizo, hasa ukiishi Dar es Salaam, Tanga, Unguja au kwingineko pwani, ambako hewa ina unyevu mwingi. Maji yakipita kwenye mpira wa hewa, rangi hutoka na vishimo.

Turudi kwa mgeni wetu. Muuzaji alikuwa amemwambia kwamba bunduki ile hufanya kazi na kompresa yoyote. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mtumiaji. Kwa kuwa alikuwa ametunza risiti, tuliwakutanisha, naye akabadilishiwa. Ndugu zetu, daini risiti, na maelezo ya muuzaji yaandikwe juu yake.

Hata hivyo, kilichotutia wasiwasi zaidi ni kikohozi chake. Alisema kifua humbana usiku kila anapopuliza klia. Tulimwuliza anajikinga kwa nini. Akajibu: kwa kitambaa.

Klia nyingi, na rangi nyingi za makopo mawili, huchanganywa na kigumishi ambacho mafundi hukiita hadina. Ndani yake mna kemikali ziitwazo isosayaneti. Ukungu wake huingia mapafuni na waweza kuleta pumu ya kudumu. Nchini Uingereza, kemikali hizi zimetambuliwa kuwa miongoni mwa visababishi vikuu vya pumu inayotokana na kazi. Mtu ambaye mwili wake umekwisha kuzikataa aweza kushikwa na shambulio kwa kiasi kidogo mno. Kitambaa hakizuii kitu, wala barakoa ya vumbi. Hata barakoa yenye vichujio vya kemikali haitoshi kutegemewa, kwa sababu isosayaneti haitoi harufu ya kukuonya kwamba kichujio kimechoka. Kinga inayokubalika ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje ya eneo la kazi, na uani hatuna kifaa hicho.

Kwa hiyo tunasema bila kuficha: bila kinga hiyo, usipulize rangi yenye hadina nyumbani, hata kama bunduki yako ni bora kuliko zote sokoni. Majirani na watoto nao huvuta ukungu huohuo. Tumia rangi ya kopo moja isiyo na isosayaneti, kama vile zile za NC, ukiwa umevaa barakoa yenye vichujio vya mvuke na chembe, mahali penye hewa ya kutosha, mbali na jiko, sigara na cheche za umeme, kwani thina hulipuka upesi.

Au gawana kazi na fundi. Piga puti, piga msasa na praima ya kopo moja mwenyewe, kisha mpelekee gari mwenye chumba maalumu cha kupulizia na barakoa ya hewa. Kuandaa bati huchukua saa nyingi kuliko kupuliza, hivyo bado utakuwa umeokoa fedha. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Na uundaji wa rangi ing'aayo huanzia kwenye msasa.

Mgeni wetu tulimshauri amwone daktari, na klia yake amwachie fundi. Alikuja kudai haki ya bunduki. Tungefurahi kama angepewa mapema zaidi habari za kifua chake. Ndiyo maana tumewaita leo.