MOSHI WA ZEBAKI UNAINGIA JIKONI

(Maongezi na wachimbaji wadogo)



Tumeombwa tuseme habari za moshi wa zebaki, ambayo wengine mnaiita mekyuri. Sisi siyo wageni wa kazi hii. Tumeosha mchanga wa dhahabu, tumekamua kitambaa, tumechoma. Tena tulikuwa tunachomea jikoni, kwenye jiko lile lile la ugali, mlango umefungwa ili majirani wasijue tumepata kiasi gani. Watoto wamelala pale pale.

Hebu tuitazame kazi yenyewe, maana kutoka Mwakitolyo mpaka Nyarugusu ni ile ile. Mawe yanasagwa kwenye karasha, mchanga unaoshwa, tunatia zebaki, inashika dhahabu. Tukikamua tunapata kidonge cheupe. Karibu nusu ya kidonge hicho ni zebaki. Tunakiweka kwenye kibati juu ya mkaa, na baada ya muda kinabaki cha njano. Je, ile nusu nyingine imekwenda wapi? Imegeuka mvuke. Hauna rangi wala harufu. Ukiuvuta unapita mapafuni, unaingia katika damu, unafika kwenye ubongo. Mikono inatetemeka, usingizi unapotea, mtu anakuwa msahaulifu. Mama mjamzito akiuvuta, mtoto tumboni naye anapata. Na kitambaa cha kufunga puani hakizuii kitu.

Mvuke mwingine unarudi chini na mvua, unaingia mitoni na ziwani, halafu katika samaki. Kule Minamata, nchi ya Japani, kiwanda kilimwaga zebaki baharini. Watu wakala samaki, na mwaka 1956 ugonjwa ukajulikana. Wengi walikufa, na watoto walizaliwa na vilema.

Watu hulaumu mabomba ya moshi ya viwanda vinavyochoma makaa ya mawe. Ni kweli yanatoa zebaki. Lakini hesabu ya Umoja wa Mataifa kwa mwaka 2015 ilionyesha kwamba asilimia 38 hivi ya zebaki iliyoingizwa hewani na kazi za binadamu duniani ilitokana na uchimbaji mdogo wa dhahabu. Makaa ya mawe yalitoa asilimia 21 hivi. Basi bomba letu sisi ni kile kibati.

Kipo chombo cha kukamata moshi huo, kinaitwa ritoti. Ni chungu kidogo cha chuma, kifuniko chake kinakazwa, nacho kina bomba. Kidonge kinakaa ndani, moto chini. Mvuke unapita kwenye bomba lililopozwa kwa maji, unageuka tena zebaki, inadondoka kwenye bakuli.

Tunajua mtakalosema. Dhahabu haionekani inavyoiva, mnunuzi anasubiri, tena wakati mwingine inatoka na weusi. Ni kweli kabisa. Sisi wenyewe cha kwetu kilikaa chini ya kitanda miezi mitatu. Kilichotutoa huko ni hesabu tu: sehemu kubwa ya zebaki tuliyoinunua kwa fedha yetu ilirudi bakulini, tukaitumia tena. Kumbe tulikuwa tunachoma fedha!

Angalieni mambo haya. Msifungue chungu kikiwa cha moto, maana mvuke bado umo. Ncha ya bomba isizame majini, kwani maji yanaweza kuvutwa ndani na chungu kikapasuka. Wala msichomee ndani ya nyumba hata kwa ritoti. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, nao unataka kuchoma wazi na kuchomea kwenye makazi kukomeshwe.

Jumamosi tutawasha moto nyuma ya mwalo, mbali na nyumba. Mwenye kidonge aje nacho. Atakaa upande upepo unakotoka, akikilinda chungu chake mwenyewe mpaka kipoe.