Zawadi za Krismasi na Mfuko wa Mkulima

(Mazungumzo kwa wajumbe wa vyama vya msingi vya wakulima wa kahawa na vyama vya akiba na mikopo)



Wahenga walisema kwamba kutoa ni moyo, si utajiri. Methali hii husikika sana mwezi wa Desemba, na aghalabu hutumiwa kumhimiza mtu atoe zaidi ya uwezo wake. Lakini maana yake ni kinyume cha hivyo. Ikiwa kutoa ni moyo, basi mwenye kidogo anaweza kutoa kidogo na heshima yake ikabaki kamili. Wala hapana haja ya kukopa ili aonekane tajiri kwa siku moja.

Jambo hili linastahili kuzungumzwa katika vyama vya ushirika kwa sababu fedha nyingi zinazotumika katika sikukuu hupitia vyama hivyo, ama kama malipo ya kahawa, ama kama mikopo. Ukaguzi wa vitabu vya vyama huonyesha mara kwa mara kwamba maombi ya mikopo huongezeka Novemba na Desemba, na kwamba marejesho hulegea kuanzia Februari. Si vigumu kutambua uhusiano wa mambo hayo mawili.

Desturi njema na mzigo wake

Katika Mkoa wa Kilimanjaro, Krismasi si sikukuu ya kanisani peke yake. Misheni zilipopanda mlima mwishoni mwa karne ya 19, mbuni nao ulipanda pamoja nazo, na tangu hapo sikukuu na zao la kahawa vimekwenda sambamba. Desemba ni mwezi wa kurudi nyumbani. Mabasi hujaa kutoka Dar es Salaam na miji mingine. Vihamba vilivyokuwa kimya mwaka mzima hupata sauti za watoto. Makaburi hufyekwa, ugomvi wa mipaka husuluhishwa, na wazee hupata kuwaona wajukuu wao. Hakuna mwana ushirika wa kweli atakayeibeza desturi hiyo, kwani ndiyo mizizi ya umoja wa ukoo, na umoja wa ukoo ndio uliokuwa shule ya kwanza ya ushirika.

Zamani aliyerudi alichukua sukari, chumvi, blanketi la mzee na kitenge cha mama. Nyumbani alipokelewa kwa mbege na nyama, na aliporudi mjini alifungiwa ndizi na maharagwe. Zawadi ilikwenda na zawadi ilirudi, wala hapakuwa na aliyefilisika. Siku hizi mambo yamebadilika. Zawadi imekuwa televisheni kubwa, jokofu, simu ya bei ghali, au pikipiki kwa kijana ambaye hajajifunza kuiendesha. Mkulima naye, akichelea kuonekana mnyonge mbele ya watoto waliotoka mjini, huchinja ng'ombe pale ambapo mbuzi mmoja angetosha. Kila ua hutazama ua wa jirani, na mwaka unaofuata kipimo huwa kimepanda. Huo ndio mzigo wenyewe. Anayetoa hapimi tena haja ya anayepokea. Hupima macho ya watu.

Hesabu ya zawadi ya mkopo

Ichukuliwe mfano wa mwanachama anayekopa shilingi 600,000 kwa ajili ya zawadi na karamu ya Krismasi, kwa muda wa miezi 12, na kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi inayohesabiwa juu ya mkopo wote. Kila mwezi atalipa shilingi 50,000 za mkopo na shilingi 9,000 za riba. Mwisho wa mwaka atakuwa amelipa shilingi 708,000. Ndiyo kusema, sikukuu ya siku tatu imemgharimu shilingi 108,000 zaidi ya bei ya dukani, naye anamaliza kulipa wakati Krismasi nyingine inabisha hodi.

Mwanachama huyo huyo angeweka shilingi 50,000 kila mwezi kuanzia Desemba hadi Novemba, angekuwa na shilingi 600,000 taslimu, bila riba, bila mdhamini, na bila hofu. Kiasi kinachotoka mfukoni kila mwezi karibu ni kile kile. Kinachotofautiana ni kutangulia au kuchelewa. Anayeweka hutangulia sikukuu. Anayekopa huifuata nyuma mwaka mzima kama mtu aliyeachwa na basi.

Mwenye kukopa nje ya ushirika huenda akaumia zaidi. Mikopo ya haraka ya simu hupatikana kwa dakika chache, lakini muda wake ni mfupi na gharama yake ni kubwa. Mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kuzifungia programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yaliyokuwa yakifanya kazi bila kibali. Mwanachama anayetumia njia kama hizo kununua vitenge anauza kahawa ambayo haijachanua.

Mdhamini ndiye anayelia

Jambo linalosahauliwa mara nyingi ni kwamba mkopo wa chama una sahihi zaidi ya moja. Mdhamini hakula nyama ile wala hakuvaa kitenge kile, lakini akiba yake ndiyo inayofungwa mkopaji anaposhindwa kulipa. Aghalabu mdhamini ni shemeji, jirani au mwanakwaya mwenzake mkopaji, tena wengi wao ni wanawake waliojiwekea akiba kidogo kidogo kwa miaka. Mama anayekwenda chamani mwezi wa Machi kuchukua fedha za matibabu, akaambiwa kwamba akiba yake imeshikwa kwa ajili ya jokofu la mtu mwingine, hawezi kufarijiwa kwa maneno ya sikukuu. Wahenga walikwisha kuliona jambo hili waliposema kukopa harusi, kulipa matanga.

Kosa huwa kubwa zaidi pale sababu ya mkopo inapoandikwa kwa uongo. Fomu husema "pembejeo" au "mahitaji ya shule", lakini fedha huishia katika duka la vyombo vya umeme. Kamati ya mikopo inayojua ukweli na kunyamaza inashiriki katika kosa hilo.

Januari haina huruma

Hapana mwezi usiostahimili makosa ya Desemba kama Januari. Shule hufunguliwa. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2016 Serikali iliondoa ada katika shule zake za msingi na za sekondari hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 nafuu hiyo ikafikishwa kidato cha tano na cha sita. Hata hivyo sare, viatu, madaftari, godoro la bweni na nauli havikuondolewa, na aliye na mtoto katika shule ya binafsi hulipa ada kamili.

Shambani nako kuna madai. Baada ya mavuno mibuni yahitaji kupogolewa, maotea kupunguzwa na samadi kuwekwa kabla ya masika. Dawa za chulebuni na za kutu ya majani zina wakati wake, na ugonjwa haungoji mkulima amalize deni. Mkulima asiyepogoa na asiyepulizia kwa sababu fedha zimekwisha Desemba, hupata kahawa kidogo mavuno yafuatayo. Akipata kahawa kidogo hukopa tena. Na akikopa tena huendelea kushuka. Kwa njia hiyo zawadi ya mwaka mmoja inaweza kulila shamba kwa miaka mitatu.

Yamfaa kila mmoja alinganishe. Bei ya jokofu moja ingetosha kununua miche mingi ya aina bora iliyozalishwa na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa iliyoko Lyamungu, ambayo hustahimili chulebuni na kutu ya majani. Jokofu huanza kuchakaa siku linapoingizwa ndani, na kila siku hula umeme wa luku. Mche huanza kukua siku unapopandwa.

Je, mpokeaji hufurahi?

Mchumi wa Marekani, Joel Waldfogel, aliwauliza wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale juu ya zawadi walizopokea. Katika makala aliyoichapisha mwaka 1993 alieleza kwamba wapokeaji walizithamini zawadi chini ya bei iliyolipwa dukani, na kwamba kati ya asilimia 10 na theluthi moja ya thamani ilipotea hivi hivi tu. Sababu yake si ngumu kueleweka: mnunuzi hajui vema haja ya mpokeaji, na kadiri anavyokuwa mbali naye ndivyo anavyokosea.

Hesabu hiyo ilifanywa kwa wanafunzi wa nchi tajiri, lakini kijijini mfano wake waonekana wazi. Mzee huletewa televisheni wakati paa lake linavuja. Mama huletewa viatu vya kisigino kirefu wakati njia ya kisimani ni tope. Hakuna anayelalamika, maana adabu haimruhusu mtu kukosoa zawadi. Laiti mtoto angeuliza mapema, mwezi wa Oktoba, "Baba, mnahitaji nini?", jibu lingekuwa jepesi, nalo pengine lingekuwa la bei ndogo: mabati kumi, pampu ya kupulizia dawa, au ada ya mwaka ya bima ya afya.

Somo la Rochdale

Wana ushirika hawakosi mfano wa kuiga katika jambo hili. Waasisi 28 wa Rochdale, Uingereza, walifungua duka lao tarehe 21 Desemba 1844, siku nne kabla ya Krismasi. Walikuwa watu wa hali ya chini, wengine wao wafumaji, na mji wao ulikuwa na maduka yaliyowakopesha wafanyakazi na kuwauzia vyakula vilivyoghushiwa. Walikusanya mtaji wao kwa senti chache kila juma. Siku ya kufungua, bidhaa zao zilikuwa siagi, sukari, unga wa ngano, unga wa shayiri na mishumaa tu.

Kwa kuwa ilikuwa wiki ya Krismasi, wangeweza kuwavuta wateja kwa mikopo. Hawakufanya hivyo. Waliweka kanuni kwamba kila kitu kinunuliwe kwa fedha taslimu, kwa sababu waliijua minyororo ya deni la dukani. Ushirika uliozaliwa wiki ile ya Krismasi ulizaliwa kwa kuukataa mkopo wa matumizi.

Akiba ya sikukuu na mahali pake

Dawa basi ni akiba ya sikukuu. Lakini hata akiba yahitaji mahali salama. Huko huko Uingereza ilikuwapo kampuni iitwayo Farepak, ambayo familia za kipato kidogo ziliipelekea fedha mwezi kwa mwezi ili Desemba zipate vikapu vya vyakula na hati za manunuzi. Oktoba 2006 kampuni ilianguka, na zaidi ya watu 100,000 wakabaki bila Krismasi waliyokwisha kuilipia. Walikuwa wamejinyima na kuweka, lakini fedha zao hazikutengwa, nao hawakuwa na kura wala uwezo wa kuvikagua vitabu.

Katika chama cha ushirika mwanachama ana vyote viwili. Ana kura moja, na ana haki ya kusomewa hesabu. Haki hiyo hufaa kitu iwapo tu inatumika, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Fedha za chama si zawadi

Haiwezekani kuwaasa wanachama na kuwaacha viongozi. Vipo vyama ambavyo hati za malipo za Desemba huonyesha "posho ya sikukuu", "kitoweo cha bodi" au "zawadi ya wageni", bila kifungu chochote katika makisio yaliyopitishwa na mkutano mkuu. Kiasi huenda kikawa kidogo, lakini zawadi hutolewa na mwenye mali, na mwenye mali ya chama ni wanachama wote. Kiongozi anayejigawia mbuzi wa chama hajapewa zawadi, amechukua. Chama kinachotaka kuwashukuru watumishi wake na kipeleke shauri hilo kwenye mkutano mkuu, liwekwe katika makisio, na liandikwe katika muhtasari.

Mambo ya kutekelezwa

Kwa hiyo inapendekezwa kwamba kila chama kifikirie mambo haya kabla ya mkutano mkuu ujao:

1. Kifunguliwe kitabu cha akiba ya sikukuu, kwa hiari, kitakachofungwa hadi wiki ya kwanza ya Desemba.

2. Mkulima anayependa aidhinishe kwa maandishi makato madogo kwa kila kilo ya kahawa anayoleta. Makato ya shilingi 500 kwa kilo 200 ni shilingi 100,000, nazo hukusanyika bila kuhisiwa sana.

3. Nusu ya akiba hiyo itolewe Desemba, na nusu itolewe Januari kwa ajili ya shule na pembejeo.

4. Kamati ya mikopo idai uthibitisho wa matumizi kwa kila mkopo unaoombwa Novemba na Desemba, na mdhamini aelezwe sababu ya mkopo kabla hajatia sahihi.

5. Bodi isilipe zawadi yoyote isiyokuwamo katika makisio.

Ndugu wanachama, Krismasi ni kumbukumbu ya mtoto aliyelazwa katika hori la ng'ombe. Hakuna familia itakayokuwa na aibu kuiadhimisha kwa kiasi. Mzee anayeletewa blanketi lililonunuliwa kwa fedha halali, na mwanawe akalala usingizi bila deni, amepata zawadi mbili kwa mpigo: blanketi na mwana aliye salama. Watu wanaokula pamoja Desemba na wawe bado na cha kupanda masika yatakapoanza.

Haba na haba hujaza kibaba. Kibaba cha Desemba na kianze kujazwa leo.