Uchovu Usioondoka kwa Kulala

(Hotuba kwa wajumbe wa kamati za parokia na wageni wafadhili, Karatu)



Tumeombwa tuseme juu ya watu wanaochoka mchana kutwa ingawa usiku wamelala vizuri. Wengine wataona ni jambo dogo. Lakini kila tunapopitia orodha za familia za kusaidiwa tunakutana nalo: jina limekatwa, na pembeni pameandikwa “hajitumi”. Ukifika nyumbani unamkuta mama aliyelala mapema jana, ila saa nne asubuhi ameketi chini ya mti na ndoo ya maji bado iko njiani. Majirani wanamsema, na mume naye ameanza kumsema.

Tutazame kwanza majirani zetu Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi. Mwaka 2015 watafiti walitoa taarifa ya usingizi wao, pamoja na wa Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia. Walikuta wanalala wastani wa saa 5.7 hadi 7.1 kwa usiku, na mchana hawalali mara nyingi. Utafiti mwingine, wa mwaka 2017, uliwafuatilia Wahadzabe 33 kwa siku 20. Kwa muda wote huo, dakika ambazo wote walikuwa usingizini kwa pamoja zilikuwa 18 tu! Na kukicha huenda kuwinda na kuchimba mizizi. Basi mtu aliyelala usiku kucha akaamka amechoka, tusiishie kumuuliza habari za kitanda. Tuulize damu yake ikoje, na maziwa anayokunywa yametoka wapi.

Upungufu wa damu mnaufahamu. Katika uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2015-16, asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikutwa nao. Safura, malaria, uzazi wa karibu karibu, na ugali usio na mboga wala nyama huchangia. Hata chai tunayoipenda, ikinywewa pamoja na chakula, huzuia mwili kupata madini ya chuma. Kipimo chake ni tone la damu kidoleni.

Ugonjwa unaotusumbua zaidi kichwani ni brusela. Katika mifugo huonekana kwa kutupa mimba. Kwa binadamu huja polepole: homa inayokwenda na kurudi, jasho la usiku, maumivu ya mgongo na viungo, na uchovu unaoweza kudumu miezi. Mgonjwa hutibiwa malaria, kisha taifodi, kisha malaria tena, na mwishowe huambiwa hana kitu. Mwaka 2016 na 2017 watafiti waliwapima wagonjwa wenye homa katika Hospitali ya Endulen, huko Ngorongoro, na wakathibitisha kuwa baadhi yao walikuwa na brusela ya aina ile inayotoka hasa kwa mbuzi na kondoo.

Kijidudu hicho kiligunduliwa mwaka 1887 kisiwani Malta na David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza. Ni Bruce huyo huyo ambaye mwaka 1903, huko Entebbe, alionyesha kuwa malale huenezwa na mbung'o. Vijidudu vya maradhi yote mawili vina jina lake. (Malale nayo haijatoka katika mbuga zetu, ingawa wagonjwa ni wachache. Anayesinzia mchana na kukesha usiku baada ya kuumwa na mbung'o asingoje.) Kule Malta, mwaka 1905, daktari mzalendo Themistocles Zammit alikuta vijidudu katika damu ya mbuzi walioonekana wazima kabisa. Mwaka uliofuata askari walikatazwa maziwa mabichi ya mbuzi, na wagonjwa wakapungua mno.

Tunajua kumwambia mzee wa kimasai achemshe maziwa si jambo la kusema mara moja na kuondoka. Maziwa ya kibuyu yana heshima yake, na kuni ziko mbali. Hata hivyo, kuyagandisha peke yake hakutoshi. Kuchemsha ndiko kunakoua. Na anayemzalisha mbuzi kwa mikono mitupu, au kumtupia mbwa kondo la nyuma, anajitafutia yale yale. Afunike mikono, na kondo alizike.

Tiba ipo. Ni dawa mbili kwa pamoja, kwa kawaida kwa wiki sita. Wengi hupata nafuu wiki ya pili na kuacha, kisha ugonjwa hurudi. Hapa ndipo tunawageukia wafadhili. Mbuzi hupendeza katika picha. Nauli ya gari kutoka Endulen hadi Karatu haipendezi, wala vidonge vya wiki sita. Lakini mbuzi asiyepimwa akiingia katika boma la mjane anaweza kumletea uchovu badala ya maziwa. Tunaomba katika kila fedha ya mbuzi litengwe fungu la kumpima kabla hajatolewa, na fungu lingine la nauli za wagonjwa.

Kwenu wanakamati, ombi letu ni hili: jina la mtu lisikatwe kwa uvivu kabla hajapimwa damu, brusela na sukari, na kuulizwa kama anakohoa, anakoroma hadi pumzi kukatika, au ana huzuni isiyomwachia. Wapo wavivu, hatukatai, lakini kipimo hakimdhuru mvivu.

Fomu za rufaa ziko kwa katibu, na kila parokia itachukua kumi. Orodha za familia zinazongoja mbuzi tutazipitia pamoja baada ya chakula, tukianza na majina yaliyokatwa.