Sehemu Ambazo Hazikujengwa
(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Katibu wa chama chetu ameniomba nizungumze juu ya kazi niliyoifanya hadi kustaafu, yaani kupima ardhi kwa ajili ya mipango ya mji. Kwa kuwa dakika nilizopewa ni chache na pilau imekwisha kunukia, nitashika jambo moja tu: sehemu za Dar es Salaam ambazo wapangaji wa mji walikataza zisijengwe. Ukitaka kumjua aliyepanga mji, tazama alipoacha wazi, kisha uliza kwa nini.

Sultani Majid bin Said wa Unguja alianza kujenga hapa katika miaka ya 1860, jirani na kijiji cha Mzizima, kwa kupendezwa na bandari iliyojificha na mawimbi. Alifariki mwaka 1870, na majumba yake mengi yakabaki magofu. Mwaka 1891 Wajerumani walihamisha makao yao makuu kutoka Bagamoyo, na mara wakatunga kanuni za ujenzi zilizogawa mji kwa aina ya nyumba. Waingereza walioingia mwaka 1916 waliendeleza mgawanyo huo, wakafanya sehemu tatu. Kwenye karatasi habari ilikuwa ya kuta na mapaa. Wananchi hawakudanganyika, wakaziita sehemu hizo Uzunguni, Uhindini na Uswahilini.

Baina ya Uhindini na Kariakoo pakaachwa uwanja mrefu, Mnazi Mmoja. (Kariakoo, kwa faida ya wadogo zetu, ni jina lililotokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, waliopiga kambi pale wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.) Sababu iliyotolewa ilikuwa afya: eti magonjwa yasivuke kutoka upande wa makuti kwenda upande wa mawe. Basi uwanja ule ulikuwa ukuta, ila ukuta wa majani. Leo Mnara wa Mwenge umesimama pale, na watu wa kila namna hupumzika chini ya miti yake.

Sasa tutoke Kariakoo, tushike Barabara ya Morogoro mpaka Jangwani, linapopita bonde la mto Msimbazi. Huko nako paliachwa wazi, lakini kwa sababu nyingine kabisa. Mto ule hukusanya maji kuanzia vilima vya Pugu, na masika yakija unahitaji nafasi ya kujitanua kabla ya kufika baharini. Mji huu umewahi kuwa na ramani kuu za mwaka 1949, 1968 na 1979, zote zikichorwa na makampuni ya kigeni, Waingereza kwanza na Wakanada baadaye. Mengi ndani yake siyapendi. Lakini kuhusu maji, wachoraji wale walisema kweli.

Tatizo ni kwamba watu walikuja upesi kuliko kalamu. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu 272,000 na kitu. Ile ya 1978 ikahesabu 843,000. Katika miaka hiyo ya sabini Serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilianzisha mpango wa viwanja na huduma kule Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na kutengeneza barabara na maji Manzese, ambako watu walikuwa wamekwisha jijengea wenyewe. Mimi nilianzia kazi Sinza, kijana mwembamba nabeba mambo za kupimia. Tulihesabu minazi na mikorosho kwa ajili ya fidia. Mzee mmoja alitufuata mti kwa mti, akihesabu pamoja nasi kwa sauti, tusije tukaruka hata mmoja. Vigingi vingine tulivipigilia mchana, asubuhi tukavikuta vimehama.

Hapo nilijifunza jambo ambalo halimo vitabuni. Kiwanja cha nyumba kikishagawiwa, kina mlinzi: mama mwenye nyumba anajua lilipo kila jiwe la mpaka, na ukilisogeza hatua moja utasikia kelele zake. Lakini kiwanja cha wazi hakina wa kukililia. Kinaanza kwa banda la mkaa, linafuata gereji, halafu siku moja unaona ukuta na geti, na mtu ana hati mkononi.

Bondeni ilikuwa hivyo hivyo. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 jijini, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Tukawalaumu sana watu wale kwa ukaidi. Lakini hata karakana ya mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza safari mwaka 2016, ilijengwa Jangwani humo humo, na maji yakaingia. Maskini hakuwa peke yake katika kuidharau ramani. Na aliyekuwa na wahandisi ana udhuru mdogo zaidi. Sasa upo mradi wa bonde la Msimbazi, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2022, wa kuwafidia wakazi na kuurudishia mto nafasi yake. Nafasi ile tulikuwa nayo bure.

Baadhi yenu, ndugu zangu, mnakaa kwenye vikao vinavyopitisha maombi ya kubadilisha matumizi ya ardhi. Sitawataja, mnajijua.

Namalizia na la hapa nyumbani. Ramani ya upimaji ya shule yetu inaonyesha mawe manne kuzunguka uwanja wa mpira. Jana jioni nilizunguka na fimbo yangu, nikayaona mawili, yote upande wa barabara. Upande wa nyuma, kwenye vichaka, sikuona kitu, na mabanda yamekwisha sogea. Mwalimu Mkuu ameniruhusu kuja Jumamosi ijayo, saa moja asubuhi kabla ya jua kali. Wanafunzi wa Kidato cha Tatu wanaosoma jiografia waje na mapanga na majembe. Kamba na ramani nitaleta mimi.