Mguu Baada ya Mbio

Septemba 2025, Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni huko Tokyo. Sisi tunaokimbia alfajiri kati ya Omurushaka na Nkwenda hatuna medali, ila vilima tunavyo, na mteremko ndio unaoumiza mapaja na vidole.

Ukirudi nyumbani unavua raba, unavaa ndala. Hapo nina neno. Ndala nyembamba hulazimisha vidole kuikamata kila hatua, wakati unyayo umevimba na unataka kupumzika. Katambuga ya tairi hudumu, nayo naiheshimu, lakini ni ngumu. Tafuta sandali ya soli nene, laini, yenye mkanda nyuma ya kisigino. Ukienda kwenye mitumba Kayanga, ijaribu jioni, mguu ukiwa umetanuka.