Pishi Nayo ni Kitabu

(Mazungumzo na walimu wa kisomo, Pemba)



Sisi tuliohitimu kisomo tumeombwa tuseme machache. Mwalimu anayetunga somo la watu wazima apate wapi vifaa? Jawabu letu ni fupi: aanze na kazi ya wanafunzi wake.

Jambo hili si geni. Mwaka 1968 ulianzishwa mradi wa kisomo chenye manufaa huko Bara, katika mikoa ya Ziwa, kwa msaada wa UNESCO. Vitabu vyake vilifuata kazi za watu. Mkulima wa pamba alisoma habari za pamba. Mvuvi alisoma habari za uvuvi. Mwenye migomba alisoma habari za migomba. Walijifunza kusoma, na kazi zao wakazijua zaidi.

Je, sisi huku Pemba? Sisi tuna karafuu. Hebu tutazame pishi. Msimu ukifika, mchumaji hulipwa kwa pishi. Basi mwalimu ailete pishi darasani. Aandike ubaoni: PISHI. Alikate neno: PI-SHI. Kisha aandike pa, pe, pi, po, pu. Na sha, she, shi, sho, shu. Wanafunzi wenyewe wataunda maneno: pasha, pisha, posho.

Haya, hesabu. Tuseme pishi moja inalipwa shilingi 500. Bibi mmoja kachuma pishi 12. Anadai ngapi? Shilingi 6,000. Asiyejua kuzidisha hupokea anachopewa, akenda zake. Anayejua huhesabu kwanza, ndipo akapokea. Jasho lake halipotei.

Tena kuna kuanika. Kilo 3 za karafuu mbichi hutoa karibu kilo 1 kavu. Basi mwenye kilo 60 mbichi atarajie karibu kilo 20 kavu. Akifika kwenye mzani, anajua alichobeba.

Kabla ya kutunga somo, mwalimu ajiulize mambo matatu:

1. Wanafunzi wangu wanafanya kazi gani?
2. Katika kazi hiyo, wanakwama wapi kwa kutojua kusoma au kuhesabu?
3. Nitajuaje kwamba somo limewaingia?

Hilo la tatu husahauliwa sana. Kuitikia kwa pamoja, "Pi! Shi!", si kujua. Mpe mtu risiti, asome mwenyewe tarehe, uzito na bei. Akiweza peke yake, somo limeingia. Asipoweza, somo lirudiwe kwa njia nyingine.

Na sisi wanakisomo tuna wajibu. Tusije darasani mikono mitupu. Mchumaji alete pishi. Mama wa mwani alete kamba yake, tupime urefu na tuhesabu mafungu. Mzazi alete kadi ya kliniki ya mtoto. Mwenye duka alete daftari la madeni.

Vitabu vikichelewa, somo lisilale. Vifaa vingine viko majumbani mwetu.